Kutoka Mowlem Hadi Maziwa ya Bonde la Ufa: Safari ya Wanafunzi wa Picha

Mtaa wa Mowlem uko upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, jirani na Umoja, Kariobangi South, Dandora na Komarock. Kwa hesabu ya serikali ni mojawapo ya wadi nne za eneo la bunge la Embakasi West. Nyumba zake nyingi ni za ghorofa za kupangisha, nazo zimesongamana hata mtu aliye katika roshani yake aweza kumwamkia jirani wa ng'ambo bila kupaza sauti. Chini ni maduka, vinyozi, mafundi cherehani, wauza mboga, na watoto wanaocheza mpira njiani. Jua huingia katika vichochoro hivyo kwa saa chache tu za mchana, kisha huzibwa na kuta.

Watu wa Mowlem ni makarani, walimu, madereva, mafundi na wachuuzi. Wengi wao wana kwao kwingine, mashambani, nao huenda huko wakati wa Krismasi au panapo msiba. Basi mtu akisikia kwamba watu wachache wa mtaa huu wameweka akiba kidogo kidogo ili waende siku nne katika maziwa ya Bonde la Ufa, si kwa harusi wala kwa matanga, bali kwa kujifunza kupiga picha, huenda akacheka. Atauliza: "Je, picha nazo husomewa? Si kila mtu ana simu yenye kamera mfukoni?" Jibu ni kwamba watu wengi wana kalamu, lakini si kila mwenye kalamu ajuaye kuandika barua ikaeleweka.

PICHA NA WATU WA MASHARIKI YA JIJI

Kazi ya picha si ngeni katika upande huu wa Nairobi. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Uhabeshi ya mwaka 1984 ziliwafanya watu wa nchi nyingi watoe msaada, alizaliwa katika mtaa wa Eastleigh mwaka 1943. Alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1996, ndege aliyoipanda ilipotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Tena mwaka 1997, huko Mathare, vijana wa chama cha michezo cha MYSA walipewa kamera ndogo za plastiki wakafundishwa kuzitumia. Picha zao pamoja na maneno yao yalitolewa katika kitabu kiitwacho Shootback mwaka 1999. Hivyo watu waliozoea kupigwa picha wakawa ndio wapigao.

Lakini watu wa mitaa hii wanaujua vilevile upande wa pili wa kamera. Mara kwa mara wageni hufika kwenye jaa kubwa la taka la Dandora, wakapiga picha za akina mama na vijana waokotao chupa na vyuma, kisha wakaenda zao. Aliyepigwa picha haulizwi jina, wala picha yenyewe haioni. Huko inakokwenda, huandikwa maneno ambayo hakuyasema. Uchungu wa jambo hilo ndio mzigo wa kwanza aubebao mwanafunzi wa picha atokaye Mowlem. Maana akifika ziwani, mgeni mwenye kamera ni yeye.

MATAYARISHO

Tuseme kikundi ni cha watu sita: karani mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani, kijana atengenezaye simu, mama auzaye mitumba, na mtu wa sita aliye mwalimu wao wa picha. Idadi hiyo si ndogo mno wala si kubwa. Sita hutoshea katika gari moja na katika mashua moja, na mwalimu hupata nafasi ya kuitazama picha ya kila mmoja jioni. Tena watu sita wakifika kijijini huitwa wageni, bali wakifika arobaini huo ni mkutano, na wenyeji hufunga milango.

Vitu vya kuchukua si vingi. Kamera moja au mbili za kukodi zatosha, na waliobaki watumie simu zao. Pawe na betri za akiba, kitambaa laini cha kufutia lenzi, mfuko usiopenya maji wala vumbi, daftari na penseli. Daftari ni la lazima, na sababu yake itaonekana mbele. Kabla ya kuondoka, mmoja wao aulizie habari za mvua, barabara na usalama, hasa za upande wa Baringo, ambako mara nyingine pametokea fujo za wezi wa mifugo. Aulizie pia viingilio vya hifadhi, maana hubadilika, na siku hizi hulipwa kwa njia ya simu, wala si kwa fedha taslimu mlangoni.

NJIA YA KUSHUKA BONDENI

Kutoka Mowlem watu hupanda matatu mpaka katikati ya jiji, na magari ya Naivasha na Nakuru hupatikana upande wa River Road. Kikundi kikiweza kukodi gari dogo ni vyema zaidi, kwa sababu matatu haisimami njiani kungojea mwanga.

Baada ya Limuru kuna njia mbili. Ya juu hufuata milima, na ya chini huteremka ukingo wa bonde kuelekea Mai Mahiu. Njia hii ya chini ilijengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa lao dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali limesimama kando ya barabara. Hapo juu, kabla ya kuteremka, bonde lote huonekana: mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776, Suswa kwa mbali, na mashamba yaliyopangwa kama mkeka.

Karibu kila msafiri husimama hapo akapiga picha ya bonde zima, na karibu kila picha huwa mbaya. Macho ya mtu huchagua yanachokitaka na kuacha kingine, bali kamera haichagui. Hupokea ukungu, anga na umbali vyote kwa pamoja, na mlima uliokuwa mkubwa ukawa kama kichuguu. Hapo ndipo mwalimu hutoa somo la kwanza: weka kitu karibu, mti, au ua, au mtu aliyesimama, ili jicho la mtazamaji lipate pa kuanzia safari yake mpaka mlimani.

Chini ya ukingo huo, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji ya mvua yaliyokuwa yamezuiliwa juu yalipasua njia yakaingia katika vijiji vya Mai Mahiu wakati watu wamelala. Watu zaidi ya 40 walikufa. Msafiri apitaye na kamera yafaa alikumbuke jambo hilo, kwa kuwa tangu hapo mpaka mwisho wa safari habari yote ni habari ya maji.

NAIVASHA: SOMO LA MWANGA

Ziwa Naivasha liko juu, zaidi ya mita 1,880 kutoka usawa wa bahari, nalo lina maji matamu. Mito Malewa na Gilgil huingia, lakini hakuna mto uonekanao ukitoka. Maji hupenya chini ya ardhi, na hiyo ndiyo sababu ziwa halikuwa la magadi kama majirani zake wengi. Kando yake kuna mafunjo, viboko, mwari, na kwazi, yule tai mla samaki ambaye sauti yake husikika kabla hajaonekana. Katika miaka ya 1930 na 1940 ndege zenye kutua majini zilitua hapa zikiwa njiani kutoka Uingereza. Siku hizi ziwa limezungukwa na mashamba ya maua yauzwayo Ulaya, na maelfu ya wafanyakazi wake hukaa katika makao kama Karagita.

Wanafunzi huamshwa gizani, ili saa kumi na mbili asubuhi wawe wamefika pwani ya Kamere, mahali pa kutulia mashua za wavuvi. Mwanga wa saa hiyo hutoka upande, nao ni laini. Huonyesha mikunjo ya wavu, matone juu ya kasia, na mistari ya uso wa mtu. Saa sita mchana jua hukaa utosini, likatia kivuli machoni na kufanya maji meupe kama bati. Ndiyo maana mpigapicha hodari hufanya kazi asubuhi na jioni, na mchana hulala au hufua nguo.

Hapo Kamere kuna somo jingine ambalo Mwafrika yampasa alijue zaidi. Kamera hupima mwanga wa mahali pote, kisha hukata shauri lake yenyewe. Mtu mweusi akisimama na maji yang'aayo nyuma yake, kamera huona mwanga ni mwingi ikaupunguza, na uso wake hutoka giza tupu lisilo na macho wala tabasamu. Si kosa la uso. Kwa miaka mingi viwanda vya filamu vya ng'ambo vilikuwa vikipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na nyuso nyeusi hazikufikiriwa. Dawa yake ni rahisi. Mgeuze mtu aelekee kwenye mwanga, au gusa uso wake katika kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, au uongeze mwanga kwa mkono wako bila kuiachia kamera hukumu.

Jambo la tahadhari: mtu asisimame kamwe kati ya kiboko na maji, wala asimfuate ili apate picha ya karibu. Kiboko huonekana mzito, lakini hukimbia kuliko mtu, na wako waliopoteza maisha katika ziwa hili.

Karibu na mji wa Naivasha kuna makao yaitwayo Kihoto. Mwaka 2020, na tena mwaka 2025, ziwa lilijaa likaingia humo, na watu wakahamisha magodoro na masufuria yao kwa mashua. Mwanafunzi wa picha hujaribiwa sana na mahali kama hapo. Maji yaliyoingia nyumbani kwa mtu hung'aa jioni sawasawa na maji mengine, na mlango uliosimama ndani ya ziwa hupendeza macho. Mwalimu mwema hawakatazi wanafunzi kupiga picha hiyo, bali huwaambia wasiipige mpaka wamejua mlango ule ni wa nani.

ELEMENTAITA NA NAKURU: SOMO LA SUBIRA

Siku ya pili safari hufuata barabara kuu kupita Gilgil. Ziwa Elementaita ni dogo, lenye kina kifupi na maji ya magadi. Nyuma yake kuna kilima ambacho, kikitazamwa kutoka barabarani, kina umbo la mtu aliyelala chali, na watu hukiita Morani Aliyelala. Mwari weupe hukusanyika hapa kwa wingi. Si mbali kuna Kariandusi, ambako Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale sana mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 2011 maziwa ya Elementaita, Nakuru na Bogoria yaliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Hapa mwalimu huwaketisha watu wake mahali pamoja kwa muda wa saa moja, bila kusogea. Mwanzoni huchoka na kunung'unika. Baadaye huanza kuona kwamba mwari hawaruki ovyo, bali hufuatana; kwamba upepo huamka saa fulani; kwamba mchunga mbuzi hurudi kwa njia ileile. Aliyekaa hujua kitu kitatokea wapi, akakingoja na kamera iko tayari. Akimbiaye huku na huku hupata migongo tu.

Nakuru hupasa kusemwa kwa ukweli. Kalenda na vitabu vya zamani vilijaa picha za ziwa hili likiwa na ukingo mwekundu wa heroe, na wasafiri wengi huja wakitazamia kuuona. Hifadhi ilifanywa ya taifa mwaka 1968, na kwa muda mrefu heroe walikusanyika hapo kwa mamia ya maelfu. Lakini tangu mwaka 2010 hivi ziwa limekuwa likipanda. Lango kuu la zamani la hifadhi lilifunikwa likahamishwa, barabara za kando zikazama, na migunga iliyokuwa pwani ikafa, nayo imebaki imesimama mikavu ndani ya maji. Maji matamu yalipozidi, magadi yalipungua nguvu, na vile viumbe vidogo vya kijani ambavyo ndivyo chakula cha heroe vikapungua pia. Heroe wengi wakahamia maziwa mengine.

Aliyekuja kutafuta picha ya kalenda hurudi na hasira. Mwanafunzi mwenye akili hupiga picha ya miti ile mikavu, faru malishoni, na mnandi aliyekaa juu ya tawi ambalo zamani lilikuwa la nchi kavu. Hiyo ndiyo Nakuru ya leo, na miaka 30 ijayo atakuwako mtu ambaye atahitaji kuiona.

BOGORIA: NCHI ISIYO TUPU

Kutoka Nakuru barabara ya Marigat huvuka Ikweta hapo Mogotio, na joto huongezeka kila gari literemkapo. Kando ya njia watu huuza asali katika chupa. Ziwa Bogoria liko chini ya ukuta mrefu wa mlima, nayo maji yake ni ya magadi makali. Chemchemi za maji moto huruka ukingoni kwa mvuke na kishindo, na katika miaka ya karibuni, ziwa lilipopanda, baadhi yake zimefunikwa. Heroe waliokosekana Nakuru mara nyingi huonekana hapa. Wazungu wa zamani waliliita ziwa hili Hannington, kwa jina la Askofu James Hannington aliyepita hapo mwaka 1885, kabla ya kuuawa Busoga mwaka uo huo.

Mtu akilitazama bonde hili katika kamera huona mahali patupu penye uzuri: mlima, maji, mvuke, ndege. Lakini si patupu. Waendorois walikaa hapa na mifugo yao, na makaburi ya wazee wao na mahali pao pa ibada pako kando ya ziwa. Katika miaka ya 1970 waliondolewa ili pawe hifadhi ya wanyama. Walidai haki yao kwa miaka mingi, na mwaka 2009 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba ardhi yao ya jadi yapasa kurudishwa kwao. Basi mwanafunzi aandike katika daftari lake: picha isiyo na mtu si ushahidi kwamba mahali hapana mwenyewe.

BARINGO: MZEE NA SWALI LAKE

Kutoka Marigat si mbali kufika Kampi ya Samaki, kwenye ziwa Baringo. Ziwa hili nalo ni la maji matamu, ingawa rangi yake ni ya udongo, kwa sababu mito huleta mchanga wa milima iliyokatwa miti. Lina visiwa, na kikubwa katika hivyo ni Ol Kokwe, chenye chemchemi za maji moto. Wailchamus, ambao wengine huwaita Wanjemps, huvua samaki na kufuga mifugo. Baadhi yao hutumia mashua ndogo za miti myepesi sana iliyofungwa pamoja, ambazo mvuvi huketi ndani yake nusu mwili ukiwa majini, akipiga kasia kwa mikono miwili.

Ziwa hili limekula nchi kavu kuliko mtu alivyodhani. Mwaka 2020 shule, zahanati, nyumba za wageni na mashamba yalikuwa chini ya maji. Serikali ilipofanya uchunguzi wa maziwa yote ya Bonde la Ufa pamoja na Ziwa Viktoria, taarifa yake ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba kaya zaidi ya 75,000 ziliathirika. Dunia nzima iliona picha za twiga wa Baringo waliokuwa wamezingirwa na maji kisiwani, wakavushwa mmoja mmoja juu ya jahazi la chuma kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021. Zilikuwa picha nzuri, na kazi ile ilistahili sifa. Lakini wako wazee wa Baringo ambao nyumba zao zilizama mwaka uleule, na hakuna aliyepiga picha zao.

Kwa hiyo hapa ndipo mtihani wa safari ulipo. Kikundi kimekodi mashua, na nahodha amewafikisha kwenye kijiji kilichosogea juu mara mbili kukimbia maji. Mzee mmoja ameketi akitengeneza wavu. Mwanga ni mzuri, mikono ya mzee ni mizuri, na karani wa Mowlem ameshika kamera. Aweza kupiga kwa siri kutoka mbali, na hakuna atakayejua. Au aweza kwenda, akasalimu, akangoja kujibiwa, akaeleza alikotoka, kisha akasema: "Mzee, tunaomba kukupiga picha, ukiwa radhi."

Huenda mzee akakataa, na hilo ni jibu kamili. Lakini mara nyingi mtu wa namna hiyo hujibu kwa swali: "Hiyo picha yangu itakwenda wapi?"

Swali hilo ni fupi, nalo ndilo ambalo wale wa jaa la Dandora hawakupewa nafasi ya kuliuliza. Mwanafunzi asiyekuwa na jibu la kweli afunge lenzi yake. Mwenye jibu aseme wazi kama picha itawekwa ukutani, au itatumwa katika simu za watu, au itauzwa. Kisha ashike neno lake. Akiahidi kuleta nakala, ailete. Kwa habari ya fedha, wenyeji walipwe kwa haki kazi wanayoifanya, kama vile nauli ya mashua, chakula na uongozi wa njia, na samaki wanunuliwe kwa bei ya watu. Lakini kuwarushia watoto sarafu ili wachekee kamera ni kuwafundisha kuomba.

Watoto wasipigwe picha bila ruhusa ya wazazi wao. Hili si la adabu tu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu picha ya mtu kuwa mali ya habari zake mwenyewe, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Mzee akikubali, kazi bado. Mwanafunzi aandike katika daftari jina la mzee kama alivyolitamka mwenyewe, jina la kijiji, tarehe, na maneno aliyoyasema. Akimwonyesha kidole ndani ya ziwa, "Pale palikuwa zizi langu, na pale mbele kidogo ndipo walipokuwa wakisomea watoto," apige picha ya maji yale pia, ingawa hayaonyeshi kitu. Picha ya maji matupu yenye jina na tarehe ni ushahidi. Picha nzuri isiyo na jina, baada ya miaka 20, haina anayeijua.

KURUDI NYUMBANI

Siku ya nne ni ya barabara. Watu hufika Mowlem usiku, na vumbi la Marigat bado limo katika viatu.

Jumamosi ifuatayo hukutana katika chumba cha mmoja wao, wakatazama picha zote pamoja. Katika picha 600 hubaki 12 zifaazo. Wengi huona uchungu kuzitupa nyingine, lakini kuchagua nako ni sehemu ya fundisho. Kila mmoja hueleza makosa yake mbele ya wenzake: hapa nilikimbilia, hapa nilisahau uso, hapa niliona aibu kuuliza. Kisha zile zilizoahidiwa huchapishwa katika duka la picha mjini, majina huandikwa nyuma kwa penseli, na bahasha hukabidhiwa gari la Nakuru ili ifikishwe Marigat, na kutoka huko mpaka kwa nahodha wa mashua. Gharama yake si kubwa kuliko chakula cha mchana. Dawa ya deni ni kulipa, na picha ya mtu uliyoichukua ni deni.

Baadaye mama wa mitumba hupanda na kamera mpaka juu ya nyumba ya ghorofa anayokaa, mnamo saa kumi na mbili jioni. Amepita hapo miaka mingi akianika nguo. Jua linashukia upande wa jiji, mwanga unatoka ubavuni kama ulivyotoka Kamere, na mashuka ya majirani yamekuwa ya rangi ya dhahabu. Jirani yake yupo akianua nguo za watoto. Mama wa mitumba haiinui kamera upesi. Humsalimu kwanza, kisha humwomba ruhusa, na jirani, kwa mshangao wa mtu ambaye hajapata kuombwa jambo hilo maishani, huweka beseni chini na kumwuliza itakwenda wapi.

Msomaji wa shamba au wa ofisi asiyeweza kufika Baringo mwaka huu asihuzunike. Na aanze na mto wa kwao, kisima cha kwao, na mzee aliye karibu naye. Asalimu, aombe, aandike jina na tarehe, kisha ampelekee mwenyewe picha yake.